Nusu ya Walsi

Bango lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa duka la mikate, na Bluma alipoliona alisimamisha gari katikati ya barabara. Magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi. Hakujali. Alishuka, akaacha mlango wazi, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Baba yake alikuwa akimtazama kutoka ukutani, kofia imelala upande, gitaa kifuani. Chini ya picha kulikuwa na jina lake kamili kwa herufi kubwa nyekundu, jina ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyelitamka tangu walipomzika. Tamasha la jazi, Jumapili alasiri, uwanja wa mji. Muziki wake maarufu wa dansi, ile walsi, utapigwa na kaka yake Bakro, pamoja na Mandel, mwana wa marehemu.

Bluma akalishika bango kwa pembe, akalivuta. Lilitoka na rangi ya ukuta. Mwenye duka akachomoza kichwa, mikono imejaa unga.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Namtoa baba yangu kwenye ukuta wako."

Akarudi garini, akaendesha hadi kambini kwetu, karatasi imekunjwa kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa ameikunja kwa namna ambayo uso usionekane.

Kwetu Wamanushi, watu wa karavani, hizi nyumba za magurudumu, mtu akifa tunamwacha akae kimya. Jina lake hatulitaji. Chakula alichokipenda hatukipiki, hadithi zake hatuzisimulii, na kama alikuwa mpiga gitaa, basi muziki alioutunga unalala naye mpaka wenye msiba waseme imetosha, na wengine hawasemi kamwe. Watu wa nje, hao tunaowaita magajo, wao wakimpenda marehemu humjengea sanamu na kumpigia makofi kila mwaka. Wapige. Kila mtu na desturi yake. Lakini desturi yao wasije wakaibandika juu ya maiti yetu.

Baba yake Bluma alipofariki, mke wake Nona alikusanya kila kitu chake ndani ya karavani: nguo, viatu, kofia, redio. Mwisho akaleta gitaa, lile ambalo watu walikuwa wanatoka Paris kuja kulitolea macho. Mzee mmoja akanong'ona kwamba gitaa kama hilo halitatengenezwa tena. Nona akampita. Alililaza kitandani kama mtoto mgonjwa, akafunga mlango wa karavani, akaitia moto yote. Bluma alisimama karibu mpaka nyusi zikaanza kuungua, akasikia nyuzi zikikatika ndani, na hakuona kosa lolote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Moto ule haukumkasirisha.

Kilichokuwa kinamkasirisha hakikuwa na pa kuchomewa.

Familia yao ilikuwa ya muziki kama familia nyingine zilivyo za useremala. Babu alipiga fidla, baba akapiga gitaa la solo, Ba'mkubwa Bakro akapiga solo pia ila kwa kelele zaidi, na Mandel, kaka yake Bluma, alipewa gitaa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwetu hakuna kufundishwa. Mtoto wa kiume anakaa miguuni pa wakubwa, anatazama vidole, anakosea, anachekwa, anarudia. Mtoto wa kike anatazama pia, kwa kuwa macho hayafungwi kamba, lakini mikononi anashika birika la kahawa.

Ila Mandel alihitaji mtu wa kumpigia ridhimu akifanya mazoezi, na binamu zake wote walitaka solo. Kwa hiyo Bluma akapewa gitaa bovu lenye ufa, akaambiwa: we piga tu, dum-chi-chi, usisimame. Alipiga. Mandel alirudia kipande kimoja mchana kutwa, naye Bluma chini yake akiendesha ule mdundo kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Mkono wa kulia ukawa mgumu kama ubao. Na kila alichokitafuta Mandel kwa jasho, Bluma alishakipata kichwani na alikuwa anasubiri tu kaka yake afike. Kusubiri mtu mzito namna ile kunachosha. Wakija wanaume, Mandel anabaki, Bluma anakwenda kuchemsha maji.

Siku moja mama na wanawake wengine walikuwa wamekwenda mlango kwa mlango kuuza lesi, wanaume wamekwenda kwenye vyuma chakavu, naye baba amebaki akisingizia mgongo. Bluma alikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa, anapiga solo peke yake. Akasikia ridhimu imeingia chini yake. Akageuka. Baba yake, mtu ambaye watu walivuka mpaka kutoka Ubelgiji ili wamsikie, alikuwa amekaa juu ya ndoo, anampigia ridhimu binti yake.

Tangu hapo ikawa hivyo kila walipobaki wawili. Baba alikuwa anatunga walsi, muziki wa kuwazungusha watu wawili wawili, na sehemu ya kwanza ilikuwa tayari: ya huzuni, inashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ya pili ilikuwa imemshinda. Kila akiijaribu ilishuka tena. Bluma, bila kufikiri, akapanda. Pale baba aliposhuka, yeye akapanda, akageuka juu kabisa, akarudi kwa mbio. Baba akacheka mpaka akakohoa. Ile ikawa sehemu ya pili ya walsi, na haikubadilishwa hata noti moja.

Na gari la kwanza la wanaume likisikika langoni, baba alikuwa anachukua gitaa mikononi mwa Bluma na kulitundika. Kila mara. Hakuwahi kusema kwa Bakro, kwa Mandel, kwa yeyote: huyu mtoto anapiga. Akiipiga walsi mbele za watu aliipiga sehemu ya kwanza tu, mara mbili, akamaliza. Bluma alikuwa anamimina kahawa na kusubiri. Leo atasema. Kesho atasema. Halafu akafa, mwoga yule, akafa na maneno yote mdomoni. Mwoga aliye hai unaweza kumgombeza. Aliyekufa, kwetu, huwezi hata kumtaja. Bluma alikuwa amebeba hasira yake hivyo, kimya, na watu wakadhani ni majonzi.

Sasa kuna bango.

Bakro alikuwa amekaa mbele ya karavani yake anabadilisha nyuzi za gitaa, Mandel pembeni yake. Bluma akaitupa karatasi juu ya magoti ya Bakro.

"Ba'mkubwa, hii nini?"

Bakro akaifunua kidogo, akaikunja haraka. "Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya magajo. Gajo bila karatasi hawezi hata kwenda chooni."

Mandel akacheka. Bluma akamgeukia, kicheko kikaishia kooni.

"Picha waliipata wapi?"

"We mtoto, sauti hiyo umeitoa wapi? Kaa, unywe kahawa."

"Kahawa nimewamiminieni maisha yangu yote. Leo sinywi wala simimini. Picha waliipata wapi?"

"Yule Oberlin wa kamati ya tamasha alikuwa nayo. Akauliza walsi ni ya nani. Ningemwambia ya nani? Ya paka?"

"Ungemwambia haipigwi."

"Inapigika." Bakro aliendelea kukaza uzi, hakuinua macho. "Ipo sababu."

"Sababu gani?"

Bakro akaukaza uzi mpaka ukalia. Uso mzima ukawa mwekundu. "Ipo sababu, nimesema. Mimi ndiye mkubwa hapa. Unadhani sina uchungu? Unadhani mimi ni jiwe?"

"Jiwe lingenyamaza."

"Bluma!" Mandel akasimama. "Huyo ni ba'mkubwa wako."

"Na yule alikuwa baba yako, kama umesahau."

Mandel akakaa tena. Baadaye alimfuata dada yake kwenye mabomba ya maji, akaanza kumbembeleza. Binamu aliyekuwa anawapigia ridhimu alikuwa ameoa Ujerumani na kubaki huko, na tangu majira ya baridi Bluma ndiye aliyekaa nafasi yake, nyuma kabisa, kiti kimegeuzwa kidogo ili watu wasimtazame sana.

"Dada, Jumapili usituangushe. Ridhimu kama yako tutaipata wapi?"

"Nyie mnajua kuomba tu mkiishiwa," Bluma akasema. "Mama je? Umemuuliza mama?"

Mandel hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Hajawahi kuwa mtu wa kuuliza.

Nona alikuwa ndani anakunja lesi, amevaa nyeusi kama kawaida. Bluma alimweleza akizungukazunguka maneno, na mama alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kukunja.

"Jumapili nitakuja," akasema. "Nitakuja kukutazama wewe. Wakiianza ya kwake, nitaondoka mbele ya watu wote. Na kesho yake tunafunga karavani, tunahama. Bakro hatanisalimia tena wala mimi sitamsalimia, mpaka tufe."

"Mama, hapa ndipo tulipozaliwa."

"Ndiyo. Ndipo tulipozaliwa."

Bluma alimjua mama yake: alichokisema kimesemwa. Wakiondoka, kambi inakatika vipande viwili, na binamu wanaokua pamoja wanakuwa wageni. Akaamua atapanda jukwaani. Walsi bila ridhimu haina miguu. Wakithubutu kuianza, mkono wake utakufa palepale, na wataona aibu, na wataiacha kabla mama hajatoka uwanjani. Huo ndio ulikuwa mpango wake, na alilala nao akiwa anasaga meno.

Jumapili kulikuwa na jua. Magajo walijaa uwanjani na viti vyao vya kukunja, bia mkononi, watoto mabegani. Oberlin alivaa skafu ya hariri na kukumbatia kila aliyemkuta. Watu wa kambi walisimama upande wao, karibu na chemchemi ya mji, na Nona alikuwa mbele yao, mdogo, katika nguo zake nyeusi. Bango kubwa kuliko lile la dukani lilining'inia nyuma ya jukwaa. Watu wetu wote walikuwa wanatazama viatu.

Walipiga nyimbo za kawaida kwanza. Mandel alipiga vizuri, kusema kweli, na Bakro akapiga kwa kelele kama desturi yake. Bluma aliendesha ridhimu na hakumtazama mtu. Halafu Oberlin akachukua kipaza sauti, akalitamka lile jina, wazi, kwa furaha, mara mbili. Karibu na chemchemi mwanamke mmoja aliziba masikio ya mtoto wake.

Bakro akaianza walsi.

Mkono wa Bluma ukasimama. Bakro alipiga noti mbili tatu peke yake, ikasikika kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Akamgeukia Bluma bila kuacha kupiga, akamwambia kwa lugha yetu:

"Piga!"

"Sipigi."

"Piga, watu wanatutazama!"

"Na wakutazame."

Magajo walitabasamu. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mandel aliinamisha kichwa, vidole vimeganda. Bluma akatupa macho kwenye chemchemi: mama alikuwa amekwisha kugeuka. Mgongo wake mweusi ulikuwa unapenya polepole katikati ya viti vya kukunja, na watu wa kambi wanampisha. Bakro naye alimwona. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini hakuacha. Aliiharakisha ile sehemu ya kwanza kama mtu anayekimbia mvua, akaimaliza, akaingia ya pili.

Bluma aliisikia ikipanda. Noti zote. Na pale juu kabisa akausikia ule mtelezo wa kidole, ambao yeye aliufanya kwa sababu mkono wake ni mdogo na haufiki. Bakro ana mikono kama majembe, hahitaji kuteleza popote. Aliuweka tu kwa sababu ndivyo ilivyo.

Damu ikampanda kichwani hata masikio yakavuma. Aliinuka na gitaa lake, akaenda akasimama juu ya Bakro.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Bakro akaacha kupiga.

"Ulijificha nyuma ya karavani ukisikiliza? Ulikuwa unanisikia miaka yote hiyo na unaniletea kikombe nikujazie?"

"Sikujificha popote! Aliniletea mwenyewe!"

"Nani?"

"Yule!" Bakro alishusha sauti, macho yamejaa maji. "Aliipiga mbele yangu, akaniambia, Bakro, hii si yangu, ni ya Bluma, huyu mtoto ananizidi. Alikuwa analia kwa kujivuna, mjinga yule. Akasema kiangazi kikifika angekuweka kulia kwake mbele za watu, ila anaogopa sisi tutasema nini. Nami nikamwambia ngoja kwanza. Nikamwambia ngoja."

"Ukamwambia ngoja."

"Kiangazi hakikumkuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kumtaja? Ungetaka nimtaje?" Bakro alikuwa karibu kupiga kelele. "Ndiyo sababu nikasema inapigika! Nusu ni yake, nusu ni ya aliye hai. Nikawaza, nusu iliyo hai itaibeba iliyolala. Nilitaka kukulipa, we mtoto mwenye kichwa kigumu!"

Bluma akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Kwa hiyo wote wawili walijua. Walikaa na jambo hilo kama wanaume wenye tumbaku mfukoni, mmoja akaogopa, mwingine akamwambia ngoja, na yeye akimimina kahawa kati yao. Halafu huyu mzima akawarushia magajo maiti ya baba yake ili kumlipa. Alitaka kumpiga na gitaa. Alitaka mtu mwingine pia awe hai, dakika moja tu, ili ampige naye.

"Kama nusu ni yangu," akasema, "kwa nini hukuipiga nusu hiyo peke yake?"

Bakro akaliangalia gitaa lake. Ni wazi hakuwa amewahi kufikiria kwamba nusu inaweza kusimama peke yake, tena bila mwanamume wa kuishika mkono.

"Toka kwenye kiti hicho."

"Bluma, mbele za watu..."

"Toka. Kaa kwangu kule nyuma."

Alitoka. Mtu mkubwa yule, nywele zimejaa mvi, alikwenda akakaa kwenye kiti kilichogeuzwa. Bluma akakaa mbele. Hakumtazama Oberlin, hakulitazama bango. Akaianza sehemu ya pili kutoka hewani, bila ya kwanza, kwa mkono uliojaa hasira yote tangu alipopewa gitaa lenye ufa. Haikutoka tamu. Ilitoka imekwaruza, kali, nyuzi zikigonga mbao, ikapanda, ikageuka juu, ikarudi kwa mbio. Ridhimu ikaingia chini yake ikiyumba, kwa sababu Bakro alikuwa hajapiga ridhimu tangu utoto. Mwishoni, pale ambapo walsi yoyote ingerudi kwenye sehemu ya kwanza, magajo wakanyoosha shingo kuingoja. Bluma hakuwapa. Akairudia ya kwake, akaikata.

Makofi yakalipuka. Oberlin akaja mbio na kipaza sauti, akaanza, "Walsi isiyosahaulika ya hayati..."

"Nyamaza," Bluma akamwambia kwa lugha ya magajo, ili asije akasema hakuelewa. Kipaza sauti kilimchukua, uwanja mzima ukasikia, makofi yakanyauka.

Katika kimya kile aliona watu wa kambi wameacha njia katikati yao. Mama yake hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mwisho wa viti, amegeuka nusu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti cha mtu asiyemjua. Mchana ule wa walsi alikuwa akiuza lesi mlango kwa mlango, siku zote alikuwa akiuza lesi, na hajawahi kusikia hata noti moja.

"Hiyo ni ya nani?" Nona akauliza kwa lugha yetu, kutoka kule, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula.

"Yangu, mama."

"Usinidanganye. Nataka kujua kama nina ruhusa ya kuisikiliza."

"Ni yangu. Niliitoa mwenyewe kichwani."

Nona akamtazama Bakro. Bakro, kwenye kiti cha nyuma, akatikisa kichwa kukubali, kisha akainamisha uso juu ya gitaa.

"Kwa hiyo ni ya mtu aliye hai."

"Ya mtu aliye hai, mama."

Nona alimwondoa gajo wa watu kwenye kiti chake cha kukunja, bila kumwomba, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Basi piga tena," akasema. "Nami leo nimsikie mwanangu."